KUFUA NGUO: ZAMANI NA SASA



Kila siku ya posho tunaona kamba zimejaa mashati meupe, sketi na suruali za bluu. Wengi wanazani kufua ni kazi ndogo isiyo na habari. Sivyo. Tuliuliza wazee, tukasoma na vitabu vya shimi, na haya ndiyo tuliyopata.

Mbele ya nguo za pamba kufika kwetu, watu walivaa ngozi na magome ya miti. Hizo hazikuhitaji sabuni. Pamba ndiyo ilileta kazi. Na sabuni ya duka ilipokosekana, bibi zetu walitumia majivu. Bibi mmoja alitueleza hivi: "Tulikuwa tunakausha maganda ya ndizi, tunachoma, majivu tunaitia mu chungu yenye matundu chini. Unamwanga maji pole pole, inatoka na rangi ya chai. Ile njo ilikuwa sabuni yetu."

Kwa nini majivu yanasafisha? Uchafu wa kola na wa kwapa ni mafuta hasa, na maji peke yake hayashiki mafuta. Maganda ya ndizi yana potasi nyingi, na maji ya majivu yake yanasaidia mafuta kuachana na nguo. Ukipata maji ya majivu makali sana, ukayachemsha pamoja na mawese, yanakuwa sabuni laini. Ujuzi huu ni wa zamani: someni Yeremia 2:22 na Malaki 3:2, mtaona manabii walijua sabuni.

Sabuni ngumu ya kipande inatengenezwa kwa soda. Mwaka 1861, Mbelgiji Ernest Solvay alipata njia ya kufanya soda kutoka chumvi na mawe ya chokaa, na bei ikashuka. Mpaka leo kuna wamama wanaopika sabuni nyumbani kwa mawese na soda kali. Angalisho: soda hiyo inachoma ngozi na macho. Ni soda inayotiwa ndani ya maji, kidogo kidogo. Kamwe usimwange maji juu ya soda. Na ule unga tunaouita omo, hata ukiwa na jina lingine, dawa yake ya kusafisha inatoka viwandani, mara nyingi katika petroli. Unafanya kazi hata katika maji ambamo sabuni inakataa kutoa povu.

Lakini hapa Goma shida kubwa si sabuni, ni maji. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano. Mvua ikinyesha, maji yanazama chini, hatuna mito ya kufulia. Tunategemea Ziwa Kivu: kwa bomba, kwa bidoni mgongoni, ao kwa chukudu. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, na tena 22 Mei 2021, mabomba yaliharibika, watu wengi wakarudi ziwani.

Na ziwani kuna hatari. Mahali pamoja mmoja anafua, mwingine anaoga, mwingine anachota maji ya kunywa. Tukumbuke mwaka 1994: kolera na kuhara damu viliua wakimbizi karibu 50,000 katika mwezi mmoja tu. Nguo ya mgonjwa ikifuliwa ndani ya ziwa, ugonjwa unaingia katika bidoni ya jirani.

Sasa tuseme na kosa letu. Mwaka jana, sisi viongozi wa wanafunzi tuliandika jina la mdogo wetu mmoja majuma matatu kwa sababu shati lake lilikuwa chafu. Aliazibiwa, hakusema neno. Baadaye tulifika kwao. Bidoni moja ya litre 20 kwa siku, watu sita: kupika, kunywa, kunawa. Mama yake alituambia, "Banangu, muchague: akunywe ao afule?" Tulirudi na haya. Tangu siku ile tunauliza kwanza, ndipo tunaandika.

Kwa hiyo tunaomba:
1. Chota maji, ufulie mbali na ziwa. Povu usirudishe ziwani.
2. Maji ya kusuuza ya mwisho yatumike tena kwa kuloweka nguo nyingine, ao kwa kuosha choo.
3. Usisugue nguo juu ya mawe ya volkano, yanapasua kitambaa. Kola isugue kwa mkono.
4. Nguo za mgonjwa zifuliwe peke yake, zichemshwe ao zitiwe klori.
5. Vijana, tusiachie dada zetu kazi yote. Mikono yetu haina ugonjwa.

Na mwenye bomba kwao amkumbuke asiye nalo. Bidoni moja ya maji siku ya posho inaweza kumwokoa mwenzako na azabu ya siku ya kwanza.

Viongozi wa wanafunzi, mwaka wa mwisho