Mzigo Umeshaklia?

Swali hilo huulizwa kwa simu kutwa nzima mjini Tunduma, kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia. Mwenye mali yuko Dar es Salaam, Lusaka au Lubumbashi, gari liko foleni, na jibu analo wakala wa forodha, yule ambaye mtaani huitwa mtu wa kliaringi. Kitenzi kimoja cha Kiingereza, "clear", kinalisha familia nyingi mpakani hapa.

Kitenzi chenyewe kilianzia mbali na forodha. Asili yake ni neno la Kilatini "clarus", lenye maana ya kung'aa, lililofika Kiingereza kupitia Kifaransa. Maana yake ya wazi ni ya mambo yanayoonekana: mawingu kutawanyika, msitu kufyekwa, meza kuondolewa vyombo. Kisha yakaja yasiyoshikika, kama kumaliza deni, kumwondolea mtu tuhuma, kuiruhusu ndege iruke. Mzigo wa forodha uko kundi hili la pili. Ndani ya lori hakiondoki kitu; kinachoondoka ni dai la serikali juu ya mali, baada ya nyaraka kukaguliwa na ushuru kulipwa au dhamana kuwekwa.

Kiswahili hakikuwa na upungufu. Mkulima wa kahawa wa Mbozi hufyeka shamba, hulipa deni, husafisha koo, na beki wa timu yake huokoa mpira: kila kazi na kitenzi chake. Kwa mzigo lipo "kugomboa", ndugu wa "kukomboa", na taswira yake ni kali kuliko ya Kiingereza, kwamba mali imeshikwa na mwenyewe anatoa fedha iachiwe. Magazeti hulitumia. Serikali hupenda "kuondosha shehena", maneno makavu kidogo. Madereva, wao, wameshika "kuklia".

Tatizo ni pale maana mbili, ya nyaraka na ya njia, zinapogongana. Tarehe 5 Oktoba 2019 Marais John Magufuli wa Tanzania na Edgar Lungu wa Zambia walizindua kituo cha huduma kwa pamoja cha Tunduma na Nakonde, mji wa upande wa Zambia. Tangu hapo utaratibu ni kwamba gari linaloelekea Zambia hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili upande wa Nakonde, na linalotoka huko hukaguliwa Tunduma, ili lisisimamishwe mara mbili. Lakini barabara ya TANZAM inapita katikati ya mji, na malori bado hujipanga kwa kilomita kadhaa. Karatasi zimeklia, njia haijaklia! Mei 2020, Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa kwa sababu ya korona, nyaraka zisizo na dosari hazikusogeza hata gurudumu moja.

Kwa hiyo mwenye mzigo anayepiga simu Tunduma aulize maswali mawili, si moja: nyaraka zimepita? Na gari limeshavuka?