Mashindano ya Imla na Hesabu: Nani Anayejifunza?

Wengi wetu tumepata kuiona siku ya mashindano shuleni. Wazazi wameketi chini ya mwembe, mgeni wa heshima yuko mbele penye meza iliyotandikwa kitambaa, na watoto wawili wamesimama wakitazamana. Mwalimu auliza: "Saba mara nane?" Mmoja ajibu upesi: "Hamsini na sita!" Vigelegele vyapigwa, mshindi apewa madaftari, na wazazi warudi nyumbani wakiisifu shule. Sisi twapenda kuuliza swali moja tu. Wale watoto wengine wote waliokuwa wakipiga makofi, je, nao wajua saba mara nane ni ngapi?

Hatusemi kwamba mashindano ni mabaya. Yana faida, na yafaa kuitaja kwanza. Wataalamu wa elimu wamethibitisha kwamba jambo ambalo mtoto hulitafuta kichwani mwake mara kwa mara, bila kutazama kitabu, hukaa zaidi kuliko lile alilolisoma tena na tena. Shindano humlazimisha kufanya hivyo hasa. Zaidi ya hayo, huponya ugonjwa wa kuimba. Wako watoto wengi waimbao jedwali la kuzidisha kwa sauti nzuri tangu moja hata kumi na mbili, lakini ukiwauliza saba mara nane ghafula, hawana budi kuanza tena kwenye saba mara moja. Huyo ajua wimbo, bado hajajua hesabu. Jedwali la 12 kwa 12 lina majibu 144. Lakini mtoto aliyefahamu kwamba saba mara nane na nane mara saba ni mamoja amebakiwa na 78 tu. Maswali yasiyofuata mpango humfundisha jambo hili.

Imla nayo ni vivyo hivyo. Watu husema Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo hakina taabu. Ni kweli, lakini mtoto huandika kama anavyotamka yeye. Asemaye "zambi" ataandika zambi badala ya dhambi. Asemaye "alafu" ataiacha h ya halafu. Na ng'ombe hupotewa na alama yake kila siku. Neno moja moja halitoshi kumpima. Mwalimu na asome sentensi nzima: "Mjomba amenunua samani za thamani," au "Tulikwenda kupiga kura baada ya kula." Hapo mtoto hana budi kusikia, kufahamu maana, kisha kuandika. Imla ya namna hiyo kila Ijumaa ina faida kuliko shindano kubwa la mara moja kwa mwaka.

Basi ubaya uko wapi? Ubaya uko katika shindano linalomtafuta mshindi mmoja. Shule itakayo kikombe huwachagua watoto wawili au watatu, tena wale ambao tayari wanajua, na kuwafundisha hao jioni baada ya wenzao kwenda nyumbani. Aliyekosea raundi ya kwanza huambiwa aketi. Angalieni ajabu hii: yule mwenye haja kubwa ya kuulizwa ndiye anayeulizwa mara chache kuliko wote! Tena mtoto mwenye hofu, akichekwa mbele ya watu, husahau hata lile alilolijua, kwa maana akili yake imeshughulika na aibu badala ya hesabu.

Shindano la namna hii lina sifa kubwa huko Marekani, ambako mashindano ya taifa ya tahajia yalianza mwaka 1925. Watoto wafikao fainali ni hodari mno. Mwaka 2019, baada ya raundi 20, wanane kati yao walitangazwa washindi kwa pamoja, kwa kuwa waandaaji walikuwa wakiishiwa na maneno ya kuwashinda. Ni jambo la kustaajabisha, lakini ustadi wa watoto wanane hautuelezi hali ya darasa lolote walikotoka.

Lakini ni huko huko Marekani walikobuni dawa. Katika miaka ya 1970, David DeVries na Keith Edwards wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, walianzisha mashindano ya vikundi. Kila kikundi kilikuwa na hodari, wa kati na dhaifu. Walijifunza pamoja, kisha kila mtoto akashindana na mtoto wa kikundi kingine aliye na uwezo kama wake, na alama alizopata akazipeleka kwa wenzake. Robert Slavin aliyeiendeleza kazi hiyo alionyesha kwamba vikundi vyafaa pale ambapo sifa ya kikundi hutegemea maendeleo ya kila mmoja wao. Hapo hodari hawezi kumdharau dhaifu. Sharti amfundishe, maana bila yeye hawashindi.

Kwetu fikira hii si ngeni. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliilaumu elimu ya kikoloni kwa kuchochea ubinafsi badala ya ushirikiano. Nalo Baraza la Mitihani, Januari 2023, lilitangaza matokeo ya Kidato cha Nne bila kuzitaja shule kumi bora. Watoto wetu wenyewe waijua kanuni hii uwanjani. Katika mbio za kupokezana vijiti, mkimbiaji mmoja mwenye kasi hafui dafu ikiwa mwenzake ameangusha kijiti.

Kwa hiyo twatoa shauri kwa walimu wakuu na kamati za shule. Darasa zima na lishindane, si wateule. Jina la mtoto atakayejibu kwa niaba ya dawati lake litolewe kwa kura, ili kila mmoja ajiandae. Alama zitolewe pia kwa maendeleo: aliyepata matatu juma lililopita na sita juma hili amefanya kazi kubwa kuliko aliyepata kumi mara zote mbili. Na zawadi iwe ya darasa, kama mpira au vitabu vya hadithi, siyo ya mtu mmoja.

Mambo haya si mchezo. Yule mtoto aliyeketishwa raundi ya kwanza ndiye mkulima wa kesho atakayesimama mbele ya mizani na korosho zake au pamba yake. Atapewa stakabadhi yenye kilo, bei na jumla. Asipoweza kuisoma wala kuzidisha, atapokea apewacho na kushukuru, na hatajua kama amepunjwa. Siku hiyo kikombe kilichomo katika kabati la mwalimu mkuu hakitamsaidia. Wazazi, mtakapoalikwa tena kwenye mashindano, pigeni makofi kwa mshindi, maana amestahili. Kisha mwiteni mtoto aliyesimama nyuma kabisa, mkamwulize kwa upole: saba mara nane ni ngapi?