Mchezo wa Kompyuta Kuhusu VVU: Kanuni Ndizo Somo

Isolo, bao la Wasukuma, halihitaji kitabu. Mtoto hukaa kando ya wakubwa, hutazama kete zinavyotembea, kisha hucheza, hukosea na kurudia hadi kanuni zimkae akilini. Michezo ya kompyuta inayoelimisha kuhusu virusi hutegemea nguvu hiyohiyo. Kwa sababu hiyo, kijana wa Dutwa, wilayani Bariadi, anayetamani kubuni mchezo wa namna hiyo kwa mara ya kwanza hana budi kuzijali kanuni kabla ya picha na sauti.

Mfano wa karibu umetoka Kisumu, nchini Kenya. Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory cha Marekani na Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) waliufanyia majaribio Tumaini, mchezo wa simu unaohusu kinga dhidi ya VVU. Walishirikishwa vijana 60 wenye umri wa miaka 11 hadi 14, na waliopewa mchezo waliucheza kwa siku 16. Mchezaji huwafanyia wahusika uamuzi, kisha huona matokeo yake. Maarifa ya waliocheza na imani yao katika uwezo wao wa kujikinga viliwazidi wenzao ambao hawakuupata. Hata hivyo, jaribio hilo la awali lilipima maarifa, si maambukizi.

Mwanzilishi hushawishika kubuni mchezo wa kufyatulia virusi risasi hadi viishe. Kwa VVU, kanuni hiyo ni uongo wenye madhara. Dawa za kufubaza makali ya VVU (ARV) huzuia virusi kuzaliana, lakini baadhi yake hubaki vimejificha ndani ya chembe za kinga. Anayeacha dawa kwa kuwa anajiona mzima, virusi vyake huongezeka tena, mara nyingi ndani ya wiki chache. Kinga hudhoofika na usugu wa dawa huweza kujitokeza. Mchezo unaotangaza ushindi wa mwisho unamfundisha mgonjwa kuacha tiba.

Kanuni sahihi huweza kujaribiwa hata mahali pasipo na kompyuta. Vijana wachimbe mashimo ardhini, kila shimo liwe mwezi mmoja, na mbegu za pamba ziwe virusi. Mchezaji anayemeza dawa apunguze mbegu. Anayezikosa, mbegu zake ziongezeke maradufu. Pembeni liwepo shimo moja ambalo halimaliziki kamwe: hayo ndiyo maficho ya virusi. Ushindi uwe kuendelea na dawa na kubaki na afya njema.

Kosa la pili ni kumfanya mtu anayeishi na VVU kuwa adui wa kukimbiwa. Huo ni unyanyapaa uliovishwa sura ya burudani. Mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba mtu anayetumia ARV ipasavyo, na ambaye kipimo hakigundui virusi katika damu yake, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ngono. Mchezo na uoneshe ukweli huo waziwazi.

Baada ya hatua hiyo, kanuni zihamishiwe kwenye kompyuta. Programu ya Scratch hutolewa bila malipo, hufanya kazi bila intaneti ikishasakinishwa, na humwezesha anayeanza kupanga amri kama vipande vya kuunganisha. Kabla ya mchezo kusambazwa, mhudumu wa kituo cha tiba na matunzo (CTC) na watu wanaoishi na VVU waucheze na kuukosoa.

Mchezo mzuri umpeleke mchezaji kituoni. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, kijana wa Tanzania mwenye miaka 15 huweza kupima VVU bila ridhaa ya mzazi. Kwa aliyekwisha kuanza tiba, ujumbe ni mmoja: asiache dawa bila kuzungumza na mtoa huduma wake, hata akijiona mzima.