Ombi la kazi huangukia wapi? Mambo ya kujua kabla ya kutuma karatasi

Kila tangazo la nafasi za kazi linapotoka, saiba za Kilifi mjini, Malindi na Mariakani hujaa vijana wenye bahasha za kaki mkononi. Yupo mhitimu wa Chuo Kikuu cha Pwani aliyemaliza miaka mitatu iliyopita, yupo muuguzi mwenye leseni anayeuza dukani kwa mjomba, yupo fundi wa umeme aliyetoka chuo cha ufundi na alama nzuri. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Hilo halina dawa ya haraka.

Lakini si kila anayekosa amekosa kwa sababu mwenzake alikuwa bora. Yapo maombi yanayoangukia mezani, kabla ya mtu yeyote kuitwa, kwa kasoro ndogo ya karatasi. Na zipo familia zinazouza mbuzi na kumaliza akiba ya chama kumlipa mtu aliyejiita "wa ndani", kwa kazi ambayo hata haikuwepo. Hasara hizo mbili zinaweza kuepukwa, na ndizo makala haya yanazungumzia.

Baada ya bahasha kupokelewa

Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kazi ya kuajiri watumishi wa kaunti imekabidhiwa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Si ya mwakilishi wa wadi, si ya msimamizi wa wadi, wala si ya jamaa anayefanya kazi makao makuu. Kifungu cha 66 cha sheria hiyo kinataka nafasi itangazwe kwa njia zitakazowafikia watu wengi iwezekanavyo, hasa wale ambao kwa kawaida huachwa nyuma. Kwa hiyo tangazo halali hupatikana mahali pa wazi: tovuti rasmi ya kaunti, magazeti, jarida la serikali la MyGov linalotoka kila Jumanne, na mbao za matangazo katika ofisi za umma. Tangazo lililopigwa picha na kusambazwa kwenye kundi la WhatsApp linaweza kuwa la kweli au la kubuni. Kabla ya kulijibu, mwombaji alitafute kwanza kwenye tovuti rasmi.

Maombi yakishapokelewa, hatua ya kwanza ni kuchuja. Wengi hudhani wakubwa huketi na kusoma kila barua wakipima nani anafaa. Ukweli ni mkavu zaidi. Huandaliwa jedwali ambalo kila safu ni sharti moja lililo kwenye tangazo: kiwango cha elimu, miaka ya uzoefu, usajili wa kitaaluma, cheti cha kompyuta na kadhalika. Jina la mwombaji huwekwa upande, na kila safu hujazwa ndiyo au la. Anayefanya kazi hiyo ana mamia ya majina mbele yake. Hatafuti sababu ya kumwokoa mtu. Anatafuta jibu la safu, na lisipoonekana haraka huandika la.

Tuseme tangazo linadai uzoefu wa miaka mitatu katika ununuzi. Mwombaji ameandika kwenye wasifukazi wake "Afisa wa Ununuzi, 2019–2022". Kwa haraka inaonekana ni miaka mitatu. Lakini kama alianza Desemba 2019 na kuondoka Januari 2022, hiyo ni miaka miwili na mwezi mmoja tu, na anayejaza jedwali hana njia ya kujua ni ipi kati ya hizo. Miezi na iandikwe. Barua ya mwajiri inayothibitisha tarehe hizo nayo iambatishwe, kwa sababu dai lisilo na karatasi mara nyingi halihesabiwi.

Wasifukazi wenyewe hauhitaji mapambo. Picha ya rangi, nyota za kujipima umahiri na aya ndefu kuhusu ndoto za maisha huchukua nafasi ya mambo yanayotafutwa. Kurasa mbili au tatu zinamtosha kijana: elimu kuanzia ya juu kabisa, kazi kuanzia ya karibuni, usajili wa kitaaluma na wadhamini watatu wanaopatikana kwa simu. Mdhamini aambiwe mapema kwamba jina lake limetumika. Na barua ya maombi itaje nambari ya tangazo kama ilivyochapishwa. Anayeomba nafasi mbili kwa barua moja amejiweka katika hatari ya kukosa zote.

Kwa kazi za afya, elimu ya chekechea, uhandisi na uhasibu, shahada peke yake haitoshi. Muuguzi huulizwa usajili na leseni hai ya Baraza la Wauguzi, mwalimu nambari ya TSC, mhandisi usajili wa bodi yake. Leseni nyingi huhuishwa kila mwaka, na leseni iliyokwisha muda mwezi uliopita huhesabiwa kama haipo. Kwa mtu asiye na mshahara ada hizo ni mzigo, lakini ni afadhali kuzitengea pesa kuliko kuendelea kutuma maombi ambayo yatachujwa.

Kuna kasoro nyingine ambayo huwapata hasa vijana wa Pwani: majina. Cheti cha KCSE kinasoma jina moja, kitambulisho kingine, na cha chuo kimeongeza jina la babu. Jina lililobadilishwa hurekebishwa kwa hati rasmi ya kubadili jina. Tofauti ndogo ya herufi au mpangilio huelezwa kwa hati ya kiapo iliyosainiwa mbele ya wakili au hakimu. Hati hiyo na iandaliwe sasa, si asubuhi ya mahojiano.

Vyeti vya uadilifu

Malalamiko yanayosikika sana ni ya gharama ya vyeti vya Sura ya Sita ya Katiba: cha mwenendo mwema kutoka idara ya upelelezi, DCI, cha ulipaji kodi kutoka KRA, cha HELB, cha EACC na cha mashirika ya kumbukumbu za mikopo. Jambo ambalo wengi hawajalisikia ni kwamba Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022. Mwajiri hapaswi tena kumdai mtu vyeti vya namna hiyo isipokuwa ana nia ya kuingia naye mkataba wa maandishi. Kwa maneno mengine, vyeti hivyo ni vya aliyepewa kazi, si vya kila anayeiomba. Bado yapo matangazo, ya serikali na ya kampuni binafsi, yanayovitaja tangu mwanzo. Mwombaji alisome tangazo vizuri aone kama vinahitajika wakati wa kuomba au baada ya kuchaguliwa.

Pamoja na hayo, si busara kungoja hadi barua ya kazi ifike ndipo aanze mbio, maana kuna madeni yanayokua kimya kimya. Kijana aliyechukua PIN ya KRA akiwa chuoni, labda ili afungue akaunti ya benki, anapaswa kuwasilisha ritani kila mwaka kabla ya Juni 30 hata kama hakupata senti. Asipofanya hivyo faini ni shilingi 2,000 kwa kila mwaka aliouruka. Miaka minne ya kukaa nyumbani inakuwa shilingi 8,000 ambazo zitajitokeza siku anapoomba cheti. Cheti chenyewe hutolewa bure. Ritani ya asiye na mapato hujazwa kwa dakika chache, na anayeshindwa anaweza kusaidiwa katika Huduma Centre.

Mkopo wa HELB nao huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya masomo, na adhabu ya kutolipa ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Aliyekosa kazi aiandikie bodi hiyo mapema na kupanga namna ya kulipa. Kunyamaza ndiko kunakogharimu. Mikopo midogo ya simu iliyosahaulika hujitokeza katika kumbukumbu za mikopo, na kila Mkenya ana haki ya kupata ripoti yake moja bila malipo kila mwaka. Cheti cha mwenendo mwema huombwa kupitia eCitizen, kisha mwombaji huenda na fomu ya alama za vidole, C24, kupigwa alama hizo.

Kuhusu vyeti vya shule, neno ni moja. Oktoba 2022 Tume ya Utumishi wa Umma iliagiza vyeti vya watumishi walioajiriwa katika miaka kumi iliyotangulia vihakikiwe, na Februari 2024 ikatangaza kuwa zaidi ya vyeti 2,000 vya kughushi vimepatikana. Mahakama zimekwisha kuwaamuru baadhi ya wahusika kurudisha mishahara yote waliyoipokea.

"Mtu wa ndani"

Matapeli wa kazi hufanana. Hupiga simu jioni na kujua jina kamili la mwombaji, mara nyingi kwa sababu mwenyewe aliliacha kwenye maoni ya Facebook. Husema jina lake limepita na limebaki jambo dogo: pesa za faili, za vipimo vya hospitali, za sare au za "kumshukuru mkubwa". Hutaka zitumwe kwa M-Pesa kabla ya saa fulani. Haraka hiyo ndiyo silaha yao, kwa sababu mtu akipata usiku mmoja wa kufikiri atauliza.

Bodi ya kaunti haitozi ada ya kuomba kazi, ya kuitwa wala ya kuajiriwa. Na hata anayepokea pesa angekuwa mtumishi wa kweli, mtoaji hana usalama. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamhesabu anayetoa na anayepokea kuwa wamevunja sheria wote wawili. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 10, faini ya shilingi milioni 5, au vyote viwili. Wazazi wanaochanga pesa za namna hiyo hufanya hivyo kwa mapenzi, na ndiyo sababu inafaa wasikie jambo hili kabla mbuzi hawajafika sokoni. Ukweli ni kwamba madai ya upendeleo hayatokani na hewa tupu, na wananchi wana haki ya kuyapeleka EACC kwa nambari 1551, bila malipo.

Kwa kazi za ng'ambo, hasa za Ghuba, wakala lazima awe amesajiliwa. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, huweka orodha ya mawakala waliosajiliwa kwenye tovuti yake. Jina lisilokuwemo humo lisikabidhiwe pasipoti.

Nje ya milango ya kaunti

Vijana wengi huomba katika kaunti yao pekee, wakiamini kwamba kwingine hawatatazamwa. Sheria inasema vingine: kifungu cha 65 kinataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia ziwaendee watu wasiotoka katika jamii kubwa zaidi ya kaunti husika. Kijana wa Ganze ana sababu ya kufuatilia matangazo ya Taita Taveta, Machakos au Laikipia, na wa huko ana haki hiyo hiyo hapa.

Sekta binafsi hapa nyumbani nayo haimo kwenye mahoteli ya Watamu na Malindi tu. Kuna mashamba ya chumvi ya Magarini, katani na saruji upande wa Vipingo, viwanda vya Mariakani, na utafiti wa afya unaofanywa na KEMRI na Wellcome mjini Kilifi tangu 1989. Sehemu kama hizi huhitaji wahasibu, mafundi wa maabara, wasimamizi wa stoo na watu wa takwimu. Nafasi nyingine huishia kwa aliyekuja kwanza kama mwanagenzi, na mhitimu asidharau miezi ya uanagenzi yenye posho ndogo ikiwa inampa barua yenye tarehe.

Anayepata kazi asome mkataba kabla ya kusaini. Kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi. Muda wa majaribio usizidi miezi sita, na hauwezi kuongezwa bila ridhaa ya mfanyakazi, wala kupita mwaka mmoja kwa jumla.

Akiitwa, na asipoitwa

Katika mahojiano ya kaunti, maswali mengi huhusu kazi za kaunti zenyewe. Ratiba ya Nne ya Katiba inazitaja: afya, kilimo, elimu ya chekechea, maji, barabara za kaunti na nyinginezo. Mpango wa Maendeleo wa Kaunti wa 2023–2027 ni waraka wa umma. Anayeomba kazi ya maji akasoma kurasa za maji humo ataweza kusema jambo kuhusu Kaloleni au Magarini badala ya kukariri sifa zake. Aende na vyeti halisi pamoja na nakala, na afike mapema.

Asiyeitwa, na anayeamini alitimiza masharti yote, ana njia mbili. Anaweza kuiandikia bodi akiomba maelezo chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, inayotaka ombi lijibiwe ndani ya siku 21. Anaweza pia kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma chini ya kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti. Rufaa hiyo huandikwa, na huwasilishwa ndani ya siku 90 tangu uamuzi ulipotolewa, ikiwa na nakala ya tangazo, ya maombi na ya ushahidi kwamba yalipokelewa. Kwa sababu hiyo risiti ya posta, muhuri wa kupokelewa au barua pepe ya uthibitisho visitupwe.