Kupiga Kambi Kwenye Korongo la Mlima Kenya

Upande wa mashariki wa Mlima Kenya kuna korongo refu linaloanzia chini ya vilele na kuteremka pamoja na Mto Nithi kuelekea Chogoria. Wapandaji huliita Bonde la Gorges, na wengi wao hukubaliana kwamba hakuna sehemu ya mlima inayolishinda kwa uzuri. Limo ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Kenya, iliyotangazwa mwaka 1949 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1997. Kutoka Kibirichia, mahali ambapo mashamba ya waru yanapanda hadi karibu na msitu, mlima huo huonekana kila asubuhi isiyo na mawingu. Mkulima wa huko, anayeuita Kirimaara, huujua kama chanzo cha maji na mvua. Kuipeleka jamaa yake kulala humo kwa burudani ni jambo jingine, na linawezekana zaidi kuliko inavyodhaniwa.

Makorongo hayachongwi kwa namna moja. Grand Canyon ya Marekani ni kazi ya Mto Colorado. Korongo la Ol Njorowa katika mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, lilikatwa na maji ya ziwa la kale yaliyotafuta njia ya kutokea. Bonde la Gorges lilichongwa na barafu. Mlima Kenya ni volkano iliyozimika zamani sana, na katika vipindi vya baridi kali mito mizito ya barafu iliteremka kutoka juu ikikwangua miamba. Ndiyo sababu bonde hilo lina sakafu pana na kuta zilizosimama wima, tofauti na mabonde membamba ya mito yaliyoko chini, kule kwenye majani chai na kahawa. Kwenye kichwa cha bonde kuna Ziwa Michaelson, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, na juu yake jabali la mita 300 hivi linaloitwa Temple. Barafu iliyofanya kazi hiyo sasa imebaki vipande vichache karibu na Batian, kilele cha mita 5,199, navyo vinazidi kusinyaa.

Upana huo una faida kwa usalama. Katika Ol Njorowa, mahali ambapo kuta zinakaribiana, mvua inayonyesha mbali huweza kuleta maji ya ghafla: watu waliokuwa matembezini walikufa humo mwaka 2012 na tena Septemba 2019. Hatari ya Bonde la Gorges ni nyingine kabisa, nayo ni kimo.

Familia inayotoka Kibirichia ina malango mawili ya kuchagua. La karibu ni Sirimon, linalofikiwa kwa kupitia Timau. Upande huo hupata mvua kidogo na barabara yake ni nzuri. Lakini anayetaka korongo hana budi kuzunguka kwa Meru mjini na Nkubu hadi Chogoria, mji uliokua kuzunguka misheni na hospitali ya Kanisa la Scotland iliyoanzishwa mwaka 1922. Njia ya Chogoria ilifunguliwa katika miaka hiyohiyo ya 1920 na Ernest Carr. Kutoka mjini hadi lango la mbuga ni kilomita 30 hivi za udongo ndani ya msitu: kwanza miti mikubwa ya podo na muuru, kisha mianzi, kisha uwanda wazi. Mvua ikinyesha, hapo hupita gari lenye nguvu ya magurudumu manne pekee, na si kila dereva anayelimudu. Ni busara kukodi gari Chogoria kwenyewe pamoja na dereva anayeijua njia, badala ya kuitoa Probox ya nyumbani kafara.

Lango liko kwenye kimo cha mita 2,950. Hapo pana uwanja wa kupigia hema na pia nyumba ndogo za kukodi, ambazo mwenye mtoto mchanga hapaswi kuona haya kuzichagua. Ada za mbuga hulipwa kwa njia ya mtandao kupitia eCitizen, si kwa pesa taslimu langoni, na watoto hulipa kidogo kuliko watu wazima. Kutoka langoni barabara huendelea kilomita chache hadi inapokoma, karibu mita 3,300. Kuanzia hapo ni miguu: maporomoko ya Mto Nithi yako mwendo mfupi, Ziwa Ellis liko mbele kidogo, na anayefuata ukingo wa bonde huanza kuliona korongo likifunguka chini yake, lenye lobelia na senesio warefu kumpita mtu.

Hapa ndipo familia nyingi hukosea hesabu. Hudhani safari haijakamilika bila kufika kilele cha Lenana, au angalau kulala Ziwa Michaelson. Mwili wa mtoto hauzoei hewa nyembamba upesi kuliko wa mtu mzima, na mtoto mdogo hawezi kueleza vizuri kwamba kichwa kinamuuma. Juu ya mita 3,000, kanuni ya wapandaji ni kutozidisha mita 500 kati ya usiku mmoja na unaofuata. Kwa watoto, mpango wa maana ni usiku mbili langoni, matembezi ya mchana hadi kwenye maporomoko na ukingoni, kisha kurudi kulala palepale. Mtoto akikataa chakula, akatapika, akalegea kuliko kawaida au akahema kwa shida hata akiwa ametulia, dawa ya kwanza ni kumteremsha mara moja, bila kungoja kesho.

Majira nayo hupangwa kwa kalenda ya shule. Likizo ya Aprili huangukia masika, na upande wa mashariki ndio unaopokea mvua nyingi zaidi mlimani, kwa hiyo ifutwe kabisa. Desemba ni bahati nasibu hadi mwishoni. Agosti ndiyo inayofaa: baridi ipo, ila barabara hupitika.

Baridi yenyewe isidharauliwe na watu wanaojiona wameizoea. Kila mita 1,000 zinazopandwa hupunguza joto kwa nyuzi 6 hivi, na usiku wa juu ya mita 3,300 huweza kugandisha maji ndani ya chupa. Kila mtu awe na mfuko mzito wa kulalia, godoro la sponji la kumtenga na ardhi, boshori, na nguo kavu zisizovaliwa mchana. Gambuti za shambani zinafaa kambini kwenye tope, lakini zitamchubua anayetembea nazo mbali.

Chakula kina siri yake. Kwenye kimo cha lango maji huchemka yakiwa nyuzi 90 hivi, kwa hiyo maharagwe mabichi yanaweza kukaa motoni mchana kutwa yasiive. Githeri ichemshwe nyumbani, ije kupashwa moto tu. Waru zikatwe vipande vidogo. Uji wa wimbi hauna shida. Meko ya gesi hutosha kwa yote. Mioto ya wazi isiwashwe: Machi 2012 moto uliteketeza eneo kubwa la nyasi na vichaka vya juu mlimani, na mimea ya huko hukua polepole mno.

Nyati na ndovu hupita karibu na lango usiku. Hema lisipigwe juu ya njia yao, na mtoto asitoke kwenda msalani peke yake. Mabaki ya chakula yafungwe ndani ya gari, kwa maana kima ni wezi hodari na pimbi wa juu hawaogopi mtu.

Kwa wasio tayari kwa haya yote, upo msitu wa Ngare Ndare karibu na Timau, wenye maporomoko, madimbwi ya maji ya buluu, daraja la kamba na waya linalopita kwenye vilele vya miti, na uwanja wa kambi. Msitu huo umeunganishwa na Mlima Kenya kwa ushoroba wa ndovu uliokamilika mwanzoni mwa 2011, ambao hupita chini ya barabara kuu ya Nanyuki–Meru. Uko chini zaidi kuliko Chogoria, na barabara ya kurudi Kibirichia ni fupi. Familia ambayo haijawahi kulala hemani ianzie hapo, na Chogoria iachiwe Agosti inayofuata.