Costa Rica: Nchi Isiyo na Jeshi Inayolinda Misitu Yake

Katika Amerika ya Kati, baina ya Nikaragua na Panama, iko nchi ndogo iitwayo Costa Rica. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 51,100, na wakazi wake ni kiasi cha milioni tano. Magharibi yake ni Bahari ya Pasifiki, mashariki yake ni Bahari ya Karibi, na katikati imesimama milima, mingine ikiwa ya volkano. Kahawa, ndizi, maharage na mvua ya mchana ni mambo ya kila siku huko, hata mtu wa Kagera, Masaka au Kayanza angeweza kudhani kwamba hajatoka kwao.

Hata hivyo, mgeni anayehamia huko hustaajabia mambo mawili. Kwanza, nchi haina jeshi. Pili, misitu yake, ambayo ilikuwa ikitoweka, imerudi. Mambo haya hayakuja yenyewe. Yaliamuliwa na watu, na yamekuwa na gharama.

KAMBI ILIYOGEUKA MAKUMBUSHO

Mwanzoni mwa mwaka 1948 uchaguzi wenye mgogoro ulileta vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu siku 44, na watu wapatao 2,000 wakapoteza maisha. Kiongozi wa upande ulioshinda, José Figueres Ferrer, alifanya jambo ambalo washindi wachache hulifanya. Tarehe 1 Desemba 1948 alishika nyundo akagonga ukuta wa kambi ya Bellavista mjini San José, ikawa ishara ya kulivunja jeshi. Katiba ya mwaka 1949 ilithibitisha uamuzi huo. Kambi ile leo ni Makumbusho ya Taifa, na matundu ya risasi yangali yakionekana katika minara yake. Tangu hapo ulinzi wa raia, mipaka na pwani umekuwa juu ya polisi.

Si kila nchi inaweza kufuata njia hiyo, kwa maana kila taifa lina historia yake na majirani zake. Wala Costa Rica haikusalimika na migogoro. Mwaka 2010 askari wa Nikaragua waliingia katika kipande cha ardhi oevu kwenye mto San Juan, na miti ikakatwa ili kuchimbwa mifereji. Costa Rica ilipeleka shauri katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague. Mwaka 2015 mahakama iliamua kuwa ardhi hiyo ni ya Costa Rica, na mwaka 2018 ikaamuru Nikaragua ilipe fidia ya dola za Kimarekani 378,890.59. Kati ya fedha hizo, dola 120,000 zilikuwa kwa ajili ya mazingira yaliyoharibiwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama hiyo kutoza fidia ya namna hiyo. Nikaragua ililipa mwaka huohuo.

ASUBUHI NYUMBANI

Mgeni apangaye nyumba huko hujifunza kwanza namna ya kuelekeza. Barabara nyingi hazina majina yanayotumika, na nyumba hazina namba. Anwani husemwa hivi: mita 200 kusini mwa kanisa, kisha mita 50 mashariki. Mita 100 maana yake ni umbali wa kutoka njia panda moja hadi nyingine, hata kama ukipima hazifiki. Mara nyingine alama inayotajwa ni mti au duka lililokwisha kubomolewa zamani, na mgeni hana budi kuuliza wazee.

Maamkizi ni ya upole. Neno la kila saa ni «pura vida», yaani maisha safi. Hutumika kusalimu, kushukuru na kuagana. Hata mume na mke, au mzazi na mtoto, husikika wakiitana kwa neno la heshima ambalo katika nchi nyingine zisemazo Kihispania huwekewa wakubwa na wageni.

Kahawa huchujwa kwa mfuko wa kitambaa uliotundikwa kwenye kigingi cha mbao, na mfuko huo huoshwa ukatumika tena. Chakula cha asubuhi ni «gallo pinto», nacho ni somo la uwekevu kwa mama wa nyumbani popote alipo. Wali na maharage ya jana hayatupwi. Hukaangwa kitunguu na pilipili hoho, hutiwa maharage pamoja na mchuzi wake kidogo, kisha wali, na mwisho majani ya giligilani. Mchana huliwa «casado», yaani mwanamume aliyeoa: sahani yenye wali, maharage, ndizi mbivu za kukaanga, kachumbari, na kipande cha nyama au samaki.

Umeme unaopikia chakula hicho hutoka karibu wote katika nguvu za maji, mvuke wa volkano, upepo na jua. Shirika la umeme la taifa liliundwa mwaka 1949, na tangu mwaka 2015 aghalabu zaidi ya asilimia 98 ya umeme wa mwaka imepatikana bila kuchoma mafuta. Lakini anayetegemea mto hutegemea mvua. Mwaka 2024 ukame ulipunguza maji katika mabwawa, shirika likatangaza mgao wa umeme, kisha mvua iliponyesha likausitisha.

UA LINALOCHIPUA NA MSITU UNAOLIPIWA

Vijijini mgeni huona nyua za seng'enge ambazo nguzo zake zina majani. Mkulima hukata matawi mabichi ya miti ishikayo upesi, huyachomeka ardhini msimu wa mvua, nayo hutoa mizizi. Mti mmojawapo ni glirisidia, ambao asili yake ni Amerika ya Kati na sasa hupandwa pia Afrika Mashariki. Nguzo hai haziozi, majani ni chakula cha mifugo, na matawi yanayopogolewa ni kuni.

Pasidhaniwe, hata hivyo, kwamba watu hao daima walipenda miti. Katika miaka ya 1940 misitu ilifunika kama robo tatu ya nchi. Kufikia miaka ya 1980 ilikuwa imebaki kama robo moja. Benki zilikopesha wafugaji ili wauze nyama Marekani, na mtu aliyefyeka msitu alihesabiwa kuwa ameiendeleza ardhi, akapata haki ya kuimiliki. Sheria yenyewe ilikuwa shoka.

Mwaka 1996 sheria mpya ilikataza kugeuza msitu kuwa shamba au malisho. Lakini serikali ilitambua kuwa marufuku peke yake haijazi chungu cha mkulima. Kuanzia mwaka 1997 mwenye ardhi aliyetia saini mkataba wa kulinda au kupanda msitu alianza kulipwa, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka katika kodi ya petroli na dizeli. Mwenye gari humlipa mwenye mti. Leo misitu inafunika zaidi ya nusu ya nchi, na kama robo ya nchi kavu ni hifadhi.

WAGENI WALIOJITOA

Katika kazi hiyo wamo wageni waliofika kutafuta makazi tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 familia za madhehebu ya Quaker zilihama kutoka Alabama, Marekani, kwa kuwa imani yao iliwakataza kutumika jeshini. Walikaa mlimani Monteverde, wakafuga ng'ombe na kutengeneza jibini, na wakaacha msitu wa juu bila kuukata ili vijito visikauke. Msitu huo ulikuwa chimbuko la hifadhi mashuhuri ya Monteverde.

Mwaka 1955 walifika Olof Wessberg wa Sweden na mkewe Karen Mogensen wa Denmark, wakalima matunda karibu na Montezuma. Walipoona msitu wa jirani ukiteketea, walichangisha fedha ng'ambo, na mwaka 1963 serikali ikaunda hifadhi ya Cabo Blanco. Mwaka 1975 Olof alikwenda rasi ya Osa kuchunguza msitu mwingine wa kulindwa, akauawa huko. Mwaka huohuo hifadhi ya Corcovado ilitangazwa katika rasi hiyo. Karen hakurudi kwao. Aliendelea na kazi hadi alipofariki mwaka 1994.

KAZI YA POLISI NA DOA LILILOBAKI

Mahali pasipo na jeshi, polisi huwa na mzigo mzito. Pwani ya Ostional kasa huja kutaga kwa maelfu. Tangu mwaka 1987 wanakijiji wanaruhusiwa kuchukua mayai katika saa za mwanzo tu, kwa sababu hayo mara nyingi hufukuliwa na kasa wajao baadaye. Kwa upande wao, wanakijiji husafisha ufuko na kuulinda dhidi ya wezi. Hapo mlinzi na mwananchi wana faida moja.

Upande wa Karibi mambo yalikuwa machungu. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2013, Jairo Mora Sandoval, kijana wa miaka 26 aliyelinda viota vya kasa katika ufuko wa Moín, aliuawa. Wanaume wanne walihukumiwa kwa kosa hilo mwaka 2016. Huko Crucitas, karibu na mpaka wa kaskazini, polisi wamekuwa wakipambana na wachimbaji haramu wa dhahabu wanaotumia zebaki, ingawa uchimbaji wa wazi ulipigwa marufuku mwaka 2010. Magendo ya dawa za kulevya nayo yamezidisha mauaji. Mwaka 2023 walikufa watu zaidi ya 900, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla.

Hata usafi una doa. Mto Tárcoles hupokea maji machafu ya San José na vitongoji vyake, ambayo sehemu kubwa imekuwa ikimwagwa bila kusafishwa. Mashamba makubwa ya mananasi hutumia dawa nyingi, na magari ya mjini yangali yakichoma mafuta.

Kwa hiyo Costa Rica si pepo. Ni nchi iliyofyeka misitu yake, ikaona hasara, ikageuka. Funzo lake linafaa kwa mlinzi wa zamu na kwa familia yake pia: msitu hulindika pale jirani yake anapopata riziki kwa kuuacha usimame. Tawi la glirisidia lililochomekwa nyuma ya nyumba mvua zinapoanza ni mwanzo mdogo, lakini haba na haba hujaza kibaba.