Meli ya Kitalii kwa Mtu wa Mlimani

Mapema Februari 1952, meli ya abiria iitwayo Gothic ilikuwa bandarini Mombasa ikimsubiri Binti Mfalme Elizabeth na mumewe, Philip. Mpango ulikuwa wapumzike Sagana Lodge, ile nyumba karibu na Kiganjo waliyopewa na serikali ya koloni kama zawadi ya harusi, walale usiku mmoja katika hoteli ya Treetops, kisha washuke pwani wapande meli kwenda Ceylon, Australia na New Zealand. Usiku wa kuamkia tarehe 6, Mfalme George wa Sita akafariki Uingereza. Elizabeth, sasa Malkia, akapandishwa ndege Nanyuki, akapitia Entebbe na kurudi London. Gothic ikabaki bila mgeni wake.

Miaka kumi na minne kabla ya hapo, Nyeri ilikuwa imepata mkazi aliyezifahamu meli za starehe vizuri zaidi. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, alikuwa amekwenda na mkewe Olave katika safari tatu za baharini zilizoandaliwa kwa ajili ya viongozi wa maskauti na wa Girl Guides: kwa meli ya Calgaric mwaka 1933, Adriatic mwaka 1934 na Orduña mwaka 1938. Miezi michache baada ya hiyo ya tatu akahamia Paxtu, nyumba yake ndogo kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, na kaburi lake liko hapo mjini hadi leo.

Wazee wetu wenyewe walipanda meli kwa sababu nyingine kabisa. Waruhiu Itote, mzaliwa wa Nyeri aliyekuja kujulikana kama Jenerali China, alivushwa bahari akiwa askari wa King's African Rifles (KAR) kwenda kupigana Burma. Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ikielekea Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani, na askari wengi wa Afrika Mashariki wakafa maji. Kwa hiyo shosho akiguna anaposikia mjukuu anataka kumlipia wiki nzima baharini, mwoga simwiti. Ana kumbukumbu zake.

Hata hivyo, swali la safari za meli za starehe limeanza kusikika kwenye vyama na vikao vya wastaafu, kutoka Karatina hadi Nanyuki. Watoto walioko Marekani wametuma picha, na mtu ameona video ya Icon of the Seas, meli iliyoanza kazi Januari 2024 ikiwa na sitaha 20 na uwezo wa kubeba abiria zaidi ya 7,000. Anauliza kama pesa zake zitakuwa zimekwenda mahali pa maana. Jibu langu hutegemea jambo moja: je, yuko tayari kuikubali meli yenyewe kuwa ndiyo mahali anapokwenda? Bandari ni nyongeza tu. Anayepanda akihesabu miji atakayoona hurudi amekasirika, kwa maana mji wa saa nane ni soko, kanisa moja na foleni ya kurudi melini.

Kipimo cha kujijua kiko hapa hapa kwetu. The Ark, hoteli iliyojengwa kwa umbo la safina ndani ya msitu wa Aberdare, inaendeshwa kwa utaratibu ule ule. Unafika klabu ya Mweiga, unapanda basi pamoja na wageni wengine, unavuka daraja la mbao na kuingia ndani, na hutoki tena mpaka asubuhi kwa sababu nje kuna nyati. Vyumba ni vidogo, vya kulala tu. Chakula kina saa yake. Kazi yako ni kukaa kwenye sitaha ukitazama maji na chumvi, na usiku kengele ikilia unajua tembo au faru amefika. Kuna watu huuona usiku huo kuwa wa raha kuliko yote ya mwaka. Wengine ifikapo saa mbili usiku wameshaanza kuuliza kama kuna gari la kurudi mjini. Hawa wa pili wasipande meli. Waende Mombasa kwa treni ya SGR, wakodi nyumba Nyali au Diani, watoke na kurudi wapendavyo.

Aliyefaulu mtihani wa The Ark sasa aambiwe habari za pesa, na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Bei ya tiketi ya meli kubwa mara nyingi huonekana ndogo ukiilinganisha na hoteli nzuri ya ufukweni pamoja na chakula chake. Haijapunguzwa kwa ukarimu. Kwa makampuni makubwa ya Marekani, takriban theluthi moja ya mapato hupatikana baada ya abiria kupanda: vinywaji, kamari, picha, intaneti, masaji, matembezi ya nchi kavu. Tiketi ni mlango, na mwenye meli anajua ukishaingia huna duka jingine la kwenda. Bei hiyo pia huhesabiwa kwa watu wawili katika chumba kimoja. Mjane au mseja anayetaka chumba peke yake anaweza kutozwa karibu maradufu, jambo ambalo tangazo huliandika kwa herufi ndogo.

Mzee wa kanisa asiyegusa pombe anunue maji na soda kadiri anavyokunywa, aachane na kile kifurushi cha vinywaji vyote. Meli nyingi hulazimisha kila mtu mzima aliye chumbani anunue kifurushi iwapo mmoja amekinunua, kwa hiyo mama atajikuta amelipia bia za baba. Chakula cha ukumbi mkuu na cha bufee kimo ndani ya tiketi, nacho kinatosha na kubaki. Migahawa ya kulipia si ya lazima. Kahawa ya kawaida ni bure lakini ile nzuri hulipiwa, na mkulima wa Othaya atalazimika kuvumilia uchungu wa kulipa dola kadhaa kwa kikombe ambacho huenda kimetoka kwenye miti ya jirani yake.

Ndani ya meli hakuna pesa taslimu mkononi. Unapewa kadi, kila kitu kinaandikwa humo, na siku ya mwisho unadaiwa. M-Pesa haifanyi kazi kwenye baa ya katikati ya bahari. Njoo na kadi halisi ya benki, au weka amana ya fedha taslimu kaunta ya wageni siku ya kwanza. Hiyo ya pili naipenda zaidi, kwa sababu amana ikiisha unajua umekula kiasi gani. Simu nayo iweke kwenye hali ya ndege kabla nchi kavu haijapotea machoni. Meli nyingi zina mtandao wao wa simu unaopitia setilaiti, na simu iliyoachwa wazi hujiunga nao yenyewe. Bili yake utaikuta nyumbani.

Unapandia wapi? Mombasa ingekuwa jibu la kawaida, na wakati mmoja ilikuwa hivyo: kampuni ya African Safari Club iliwahi kuwa na meli yake, Royal Star, iliyofanya safari zake kutoka Kilindini. Kisha wakaja maharamia wa Kisomali. Novemba 2005 waliishambulia Seabourn Spirit ilipokuwa ikielekea Mombasa, na Aprili 2009 wakaifyatulia risasi MSC Melody karibu na Ushelisheli. Makampuni yakaihama njia hii kwa miaka mingi. Sekta ya meli ilifuta eneo la hatari kubwa katika Bahari ya Hindi tarehe 1 Januari 2023, lakini mwaka huo huo haujaisha, mashambulizi ya Wahouthi katika Bahari ya Shamu yakaanza kuvuruga tena ratiba za meli zinazokuja huku kutoka Ulaya. Meli za kitalii hufika Mombasa, na pale pana jengo la kisasa la kuwapokea abiria, ila nyingi hupita tu. Watalii hushuka asubuhi, huona Fort Jesus, Mji wa Kale au kipande cha Tsavo, na jioni wamerudi vyumbani. Mwenye hoteli wa Nyeri anayesubiri mgao wake atasubiri sana. Kutoka Kilindini hadi mlimani ni zaidi ya kilomita 600, na hakuna kapteni atakayewangojea waliokwenda kupiga picha kilele cha Batian.

Kwa Mkenya anayeanza, naona Durban ndiyo bandari ya busara. Kampuni ya MSC huweka meli huko msimu wa joto wa kusini, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, kwa safari fupi za siku tatu au nne kwenda fukwe za Msumbiji kama Pomene na kurudi. Tangu Januari 2023 Mkenya huingia Afrika Kusini bila viza kwa hadi siku 90, na hilo peke yake linaondoa nusu ya usumbufu. Uwe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana wanaotoka Kenya hudaiwa. Masharti ya Msumbiji yaulizie kwa kampuni ya meli kabla ya kulipa, na jibu lije kwa maandishi.

Ulaya na Ghuba zina mtego wake. Meli ikitoka Barcelona au Athens ikagusa Uturuki kisha ikarudi, wewe umetoka eneo la Schengen na unaingia tena, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haitoshi. Ndivyo ilivyo hata Dubai, ikiwa meli itapitia Doha na kurejea. Wakala mzembe hakwambii. Unagundua kaunta ya kupandia, na tiketi ya meli hairudishwi kwa sababu ya viza.

Kuna suala la majira pia. Wakulima wengi wa chai hupokea bonasi Oktoba, na wazo la kukata tiketi ya Novemba au mapema Desemba linakuja lenyewe. Ni wazo zuri kuliko wanavyojua. Kuanzia Januari hadi Machi, Mlango Bahari wa Msumbiji ndipo vimbunga hupita: Idai kilichoiangamiza Beira Machi 2019, na Freddy kilichopiga mara mbili mwaka 2023. Meli hukikwepa kimbunga, lakini kukikwepa ni kubadili ratiba, na aliyelipia ufukwe wa Pomene anaweza kumaliza siku tatu akizunguka majini. Mkataba wa tiketi humruhusu kapteni kufanya hivyo.

Sisi wa mlimani hatujazoea ardhi inayocheza. Chagua chumba cha katikati ya meli na cha sitaha za chini, maana huko mtikisiko ni mdogo. Vyumba vya juu kabisa na vya mbele, ambavyo wauzaji huvisifu kwa mandhari, ndivyo vinavyopanda na kushuka zaidi bahari ikichafuka. Chumba cha ndani kisicho na dirisha ni cha bei ya chini na kijana hatajali. Kwa mtu wa miaka 70 aliyezoea kuamka na kuutazama Mlima Kenya, ningelipia dirisha, na ningeacha roshani. Vidonge vya kichefuchefu vinywewe kabla ya kuondoka bandarini, kwa ushauri wa daktari ikiwa mtu anatumia dawa za presha. Tangawizi nayo husaidia kidogo. Kunawa mikono kwa sabuni kabla ya bufee ni jambo la dhati, kwa kuwa virusi vya kuharisha huenea upesi mahali ambapo maelfu hushika kijiko kile kile.

Fika Durban siku moja kabla. Kutoka Nyeri hadi uwanja wa ndege wa Nairobi, kisha ndege, pengine kubadilisha Johannesburg: kuna sehemu nyingi za kuchelewa, na meli haingoji. Utaratibu huo huo hutumika bandarini. Ukishuka kwa matembezi yaliyouzwa na meli yenyewe na basi likaharibika, meli itakusubiri au kampuni itakupeleka bandari inayofuata kwa gharama yake. Ukitoka na teksi yako, hasara ni yako. Mimi hutetea matembezi ya kujipangia kwa sababu ni nafuu na unaona watu, mradi uwe umerudi saa mbili kabla ya muda.

Jambo moja wasafiri wa kwetu hubishana nalo ni ada ya huduma, ambayo katika meli za Kimarekani hukaribia dola 15 hadi 20 kwa kila mtu kwa siku na hukatwa moja kwa moja. Wapo wanaokwenda kaunta kuomba ifutwe. Inaruhusiwa katika meli kadhaa, nami naona ni ubahili usiopendeza. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ambao Kenya nayo imeuridhia, unaruhusu baharia afanye kazi hadi saa 14 kwa siku na saa 72 kwa wiki, na wahudumu wengi wa vyumba na mikahawa hukaa melini miezi sita hadi tisa bila kurudi nyumbani. Miongoni mwao wamo vijana wa Kenya. Baadhi walipitia mawakala halali na mafunzo ya usalama, wengine waliuza ng'ombe ili kumlipa mtu aliyewaahidi kazi ambayo haikuwepo, wakajaribu tena. Ukimkuta mmoja wao akitandika kitanda chako, msalimie, muulize kwao ni wapi na lini anarudi likizo. Kisha mpishe, kwa sababu ana vyumba vingine zaidi ya kumi vya kumaliza kabla ya saa sita.